Mguu Usiosikia Moto

Mtu wa kwanza kujua kwamba naungua hakuwa mimi. Alikuwa Esha, mke mwenzangu, aliyekaa upande wa pili wa moto na jiwe lake la kubangulia korosho mkononi. Aliinua pua, akanusa, akatazama chini, kisha akasema polepole, kama mtu anayekuambia umevaa kanga nje ndani: "Dada, mguu wako unatoa moshi."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wetu wa kila siku. Nilipotazama nikaona ganda la korosho linalowaka limenasa kati ya kidole kidogo cha mguu wa kulia na mwenzake, mafuta yake meusi yanachemka juu ya ngozi yangu. Sikusikia chochote. Nililikung'uta kwa kijiti, nikamwaga mchanga juu yake, nikaendelea na kazi.

Nakuambia mapema kwamba nimepona, ili usome ukiwa umetulia. Mguu ninao. Vidole vya miguu ninavyo vinane, na nimeridhika navyo, maana kuna siku nilikuwa tayari kubaki hata na kimoja. Naandika kwa ajili yako wewe uliyetajiwa jina la ugonjwa wiki hii, ukatoka chumba cha daktari umeshika karatasi na hujui uelekee mlango gani. Elimu ya udaktari sina. Nina darasa la saba, mdomo mrefu, na mguu ulioniponza.

Kwetu ni Mahurunga, jirani na mto Ruvuma. Korosho nzuri zinakwenda ghalani kuuzwa. Zinazobaki, zile ndogo na zile zilizochelewa, sisi wanawake tunazikaanga wenyewe uani. Unatoboa bati, unaliweka juu ya moto wa kuni, unazimwaga korosho pamoja na maganda yake. Ganda lina mafuta. Yakipata moto yanaruka na kuwaka, moshi wake unakaba koo, na yakikugusa yanakuchuna ngozi. Ndiyo maana tunapaka mikono majivu kabla ya kubangua. Zikishawaka vizuri unazimwaga mchangani na kuzitawanya haraka, zizimike kabla hazijaungua ndani. Wenzangu wanazitawanya kwa ufito. Mimi nilikuwa nazitawanya kwa mguu.

Ndiyo, kwa mguu mtupu. Nilianza kama mchezo, nikaona siumii, na wanawake wakapiga vigelegele. "Miguu ya Somoe haisikii moto!" Wasafiri wanaokwenda Kilambo kuvuka mto walisimama kununua korosho, wakaitiwa waje waone. Nilijivunia miguu ile kama wengine wanavyojivunia mtoto aliyefaulu mtihani. Niliamini imekomaa kwa kulima. Hakuna aliyejiuliza, na mimi wa kwanza, kwa nini mguu wa mtu aliye hai usisikie moto.

Na kisukari nilikuwa nimeshaambiwa ninacho. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, bora niitoe mapema. Mwaka mmoja kabla ya siku ile nilikuwa nakunywa maji siachi, natoka kujisaidia kila mara, na asubuhi nakuta sisimizi wamejaa pale nilipokojoa. Zahanati walinipima, wakanipa vidonge, wakaniambia nirudi vikikaribia kwisha. Nilivimeza mpaka kiu ikakata, nikajiona mzima, nikaacha. Sisi tumezoea dawa ya malaria: unameza, unamaliza dozi, unarudi shamba. Nani amewahi kusikia dozi isiyo na mwisho? Tena niliamini kisukari ni ugonjwa wa mabwana wa mjini, wenye vitambi na magari. Mimi nina jembe, kitanipatia wapi? Vilivyobaki nilivifunga kwenye pindo la kanga, akiba ya siku nitakayougua tena.

Turudi kwenye bati. Nilipomwaga mchanga ule, Esha hakuendelea kubangua. Alisema mbele ya wanawake wote: "Dada, twende zahanati. Baba yangu aliungua hivi hivi bila kusikia, na mwisho walimkata mguu."

Nilimwambia nitakwenda siku ukiniuma. Kati ya waliokuwepo alikuwa shangazi yangu Fatu, dada wa marehemu baba, mwanamke ambaye akikohoa watu wanauliza amesema nini. Siku hiyo aliyakusanya maneno ya Esha na kuyaweka.

Lengelenge lilipasuka siku ya tatu. Mabibo yalipoanza kuoza chini ya mikorosho, kidole kidogo kilikuwa cheusi, na mguu umejaa mpaka ngozi inang'aa. Hauniumi, lakini unanuka. Nilikuwa nachoma ubani chumbani mchana kweupe, nikasingizia mbu. Mume wangu, Baba Hawa, akaanza kulala barazani na kusema ndani kuna joto.

Ndipo shangazi Fatu alipokuja na kukaa kitandani kwangu.

"Ntu huyu kakanyaga kitu," alisema, akimtazama Baba Hawa na si mimi. Kwetu mguu ukivimba bila sababu inayoonekana, watu husema umekanyaga dawa aliyoizika adui njiani kwako. Halafu akanigeukia. "Nikuulize, mwanangu. Mguu ni wako. Esha alijuaje kwamba unaungua kabla yako wewe mwenye mguu?"

Nilivuta kanga nikaufunika mguu.

"Na ulimsikia alichosema? Hakusema Mungu apishe mbali. Katamka tu watakukata nguu, kama ntu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe."

Akaletwa mganga. Alinichanja chale kuzunguka kifundo, akapaka unga mweusi, akasoma, akakamua, mwisho akatoa kwenye kidonda kishungi cha nywele na kipande cha ganda la korosho. Leo najua kwamba kupata ganda la korosho Mahurunga hakuhitaji majini. Siku ile sikulifikiria hilo. "Huyu aliyekutega," alisema, "mnakula chungu kimoja." Hakutaja jina, hakuwa na haja ya kutaja. Shangazi alishatazama mlango wa Esha.

Baba Hawa ni mtu mwema, lakini kuoa wake wawili hakukumwongezea ujasiri. Alimwita Esha uani, wanawake wale wale wa bati wakiwepo, akamwambia aende kwanza kwao Kilambo mpaka mambo yapoe. Esha alimpita. Alikuja mpaka kwenye mkeka nilipokuwa nimelala mlangoni, akauliza: "Na wewe dada unaamini?"

Neno moja tu lingetosha. Nikageukia ukutani.

Nimejiuliza mara nyingi kama niliamini kweli. Nusu niliamini, na nusu nyingine ilinifaa kuamini. Tumeishi miaka kumi na moja nyumba zinazotazamana, tumecheka, tumelea watoto pamoja. Lakini wivu wa ukewenza haufi, unasinzia tu, na siku ile mtu aliuamsha na mimi sikuulaza. Nilisikia hatua zake zikiondoka na sikugeuka.

Aliyeniokoa ni Hawa, binti yangu mkubwa. Anaishi Mtawanya, pembeni ya mji wa Mtwara, ni fundi cherehani. Alikuja kunijulia hali baada ya kusikia nina homa, akafungua kitambaa mguuni, akatoka mbio kutapika nyuma ya choo. Aliporudi hakumsalimia hata shangazi. "Gari lipo njiani," alisema. "Atakayenizuia anizuie sasa hivi." Hakuna aliyemzuia.

Hospitali kubwa ya mjini walinitoboa kidole cha mkono, wakapima, na kile kimashine kikashindwa kuisoma sukari yangu kwa jinsi ilivyokuwa juu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, lakini hakunificha kitu. Alichukua kalamu ya wino akachora mstari kuzunguka mguu wangu, juu kidogo ya kifundo, pale pale kwenye chale za mganga.

"Mama, vidole hivi viwili vimeshakufa, tutaviondoa. Halafu tutasubiri. Ule weusi ukivuka mstari huu, tutakata huku juu, chini ya goti. Usipovuka, mguu unabaki nao."

Nilikuwa nimekwenda mtu mwenye mashamba, mume na maneno mengi. Kuanzia saa ile nikawa mtu mwenye mstari. Mvua za kwanza zilinyesha juu ya bati la wodi na mimi sikufikiria kupanda kitu chochote. Kila asubuhi Hawa aliinamia mguu na mimi nikautazama uso wake kabla hajasema. "Bado, mama. Haujavuka." Wino ulipofifia kwa kuoshwa, nesi aliuchora upya mahali pale pale. Nilimwomba aupandishe kidogo. Alicheka mpaka akaketi, halafu akanishika bega, kwa sababu aliona kwamba mimi sikucheka.

Na katika kulala kule nilikuwa na muda wa kufikiri. Nilijua sasa kwamba kitu nilichokanyaga hakikuzikwa na mtu. Kilikuwa kwenye pindo la kanga yangu, vidonge vimefungwa fundo. Nilijua pia kwamba katika watu wote pale uani, mmoja tu alisema twende zahanati, na huyo ndiye tuliyemfukuza. Nilitaka kulia kwa ajili ya mguu, nikajikuta nalia kwa ajili ya Esha.

Weusi ulisimama upana wa vidole viwili chini ya mstari. Daktari alitazama, akabonyeza, akatazama tena, akasema, "Alhamdulillahi," ingawa yeye mwenyewe ni Mkristo. Nilimwomba arudie.

Niliruhusiwa kwenda kwa Hawa Mtawanya, kwa sharti la kurudi kusafishwa kidonda kila baada ya siku moja. Nilikuwa nimekonda, gauni linanizunguka mara mbili, macho yana ukungu. Kutembea ilibidi nijifunze upya. Hakuna anayekuambia kwamba vidole vile vidogo ndivyo vinavyokuzuia usianguke. Nilikuwa nakwenda upande kama kaa, nimeshika ukuta, na tumbo langu lina alama za sindano za sukari ninazojichoma asubuhi na jioni. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na Hawa alikuwa na rundo la sare za watoto za kushona. Kila akinipeleka hospitali, wazazi walimkuta mlango umefungwa wakaenda kwa fundi mwingine. Hakulalamika, lakini nilimsikia anavyokanyaga cherehani kwa hasira.

Asubuhi moja ya mvua nikasikia hodi. Alikuwa Esha, kanga imelowa, kikapu cha muhogo mkavu kichwani.

Mdomo wangu mrefu ukafupika. Hata karibu sikusema.

"Nimesikia Kilambo kwamba mguu bado upo," alisema.

"Upo."

"Hebu niuone."

Alipiga magoti, akafungua bandeji, akainamisha pua karibu kabisa na kidonda. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaweza kufanya hivyo. Akanusa kama anavyonusa mboga sokoni.

"Wa baba ulinuka zaidi," alisema. "Huu unapona."

Nilimuuliza amefuata nini. Akasema alimwosha baba yake miezi saba, kazi hii anaijua, na Hawa ana cherehani. Akasema pia kwamba Baba Hawa hajui kama amekuja, na tusimwambie, abaki na uoga wake. Kisha akauliza jiko liko wapi.

Kuanzia hapo tulikwenda hospitali pamoja. Kama unaanza safari hii, zoea benchi, maana utalikalia kuliko kiti chochote cha nyumbani kwako. Mimi nilidhani nitawakuta wale mabwana wenye vitambi. Nilikuta wakulima kama mimi, wavuvi, mama lishe, mwalimu wa madrasa, wengine vijana kuliko Hawa. Huyu sukari, yule presha, yule moyo umepanuka. Watu wa shamba wamejaa pale kama siku ya mnada wa korosho, na kila mmoja alidhani ugonjwa huu haumhusu. Pale hatuulizani habari za asubuhi, tunasalimiana kwa namba.

"Leo ngapi?"

"Kumi na nne."

"Umeshuka, hongera!"

Alikuwapo mzee mmoja wa Mikindani, muuza samaki, anayekuja na mto wake wa kukalia kutoka nyumbani. Aliniona nimekaa upande, akautoa mto chini yake akanipa. Siku nyingine akatutania: "Mimi nina sukari na presha, nimeoa wake wawili. Nyie ni dada wa tumbo moja?"

"Huyu ni mke mwenzangu," Esha akajibu.

Mzee akatutazama, akatazama mkono wa Esha ulioshika kiuno changu.

"Na unambeba?"

"Namsindikiza. Kumbeba ntu mwenye mdomo huu nani ataweza?"

Walicheka mpaka nesi akatoka kuuliza kuna nini. Nilicheka na mimi, kwa mara ya kwanza tangu mabibo yaoze.

Chumba cha vidonda kilikuwa na nesi mwenye mikono minene na myepesi. Alikuwa anakwangua nyama iliyokufa na mimi namsimulia habari za Mahurunga, maana sikuwa nasikia kitu. Yeye hakufurahi. "Mama, mimi nataka mgonjwa anayelia," alisema. "Anayepiga soga ananitia wasiwasi."

Ramadhani ikaingia na daktari akanikataza kufunga. Tangu nivunje ungo sijawahi kula mchana wa Ramadhani nikiwa sina udhuru wa mwezi, na sasa nilitakiwa nile saa nne, saa saba na saa kumi, tena kwa wakati, kwa sababu ya sindano. Nilijua mgonjwa ameruhusiwa. Kujua ni jambo moja, kumeza ni jambo lingine. Siku ya kwanza uji wa mtama ulipoa mbele yangu. Esha, ambaye alikuwa amefunga na ndiye aliyeupika bila kuuonja, alikaa akageukia dirishani, akanipa mgongo.

"Kula dada," alisema. "Sikuoni."

Alikaa hivyo kila mlo, mwezi mzima, anaokota mawe kwenye mchele, mgongo umenielekea. Nimefanyiwa mema mengi katika ugonjwa huu, lakini mgongo ule nitaukumbuka kaburini.

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Nesi anakwangua, mimi nasimulia jinsi Baba Hawa alivyowahi kufukuzwa na nguruwe pori, mara nikapiga kelele. Kisu kilikuwa kimefika sehemu ya juu, karibu na kifundo, na kiliuma! Kiliuma kama kidonda cha mtu yeyote. Nilishika meza, machozi yananitoka, nacheka, nasema, "Inauma! Esha, inauma!" Esha aliingia mbio kutoka kwenye benchi, akaniona, akaanza kulia na yeye. Nesi akaweka kisu chini. "Haya," alisema, "sasa tunafanya kazi. Hapa kuna nyama hai."

Jioni ile, Esha akifua vitambaa uani kwa Hawa kabla ya adhana, nilisema nilichokuwa nimekimeza tangu alipobisha hodi.

"Esha, nilikukosea."

"Najua."

"Nisamehe."

Alikamua kitambaa mpaka maji yakaisha, akakianika, akachukua kingine.

"Mimi sikufukuzwa chumbani, dada. Nilifukuzwa mbele ya watu. Kilambo walijua kabla sijafika, dada zangu waliniuliza kama ni kweli nimezika dawa. Msamaha wa uani kwa Hawa haunitoshi. Ukipona, uyaseme pale pale penye bati. Ukishindwa, kidonda nitakuosha vile vile, lakini mimi kwenye nyumba ile sirudi."

Nilisema inshallah. Nakuambia ukweli, niliogopa jambo hilo kuliko nilivyoogopa kisu. Kumkosoa shangazi Fatu mbele ya wanawake! Na kujikosoa mwenyewe, mimi Somoe, ambaye sijawahi kushindwa ubishi uwanjani pale.

Masika yaliisha, upepo wa baridi ukaanza, na kidonda kikawa kinafunga kutoka pembeni kwenda katikati, kidogo kidogo. Wakati watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho, nesi alifungua bandeji akakuta ngozi. Nyekundu, nyembamba, lakini ngozi. Daktari alinipa masharti yangu: sindano kila siku, kliniki kila mwezi, viatu vya kufunika hata ndani ya nyumba. "Na kila siku mtu akutazame nyayo, mama. Chini kule hutasikia tena. Unahitaji macho ya mtu."

"Macho ni haya," Esha alisema.

Tulirudi Mahurunga kwenye bajaji moja. Baba Hawa alikuwa amesimama njiani na jembe begani, akatuona tumekaa pamoja, akafungua mdomo asijue aanze na nani. Tukampungia mkono, tukampita. Esha hakushuka kwenye nyumba yake. Alishukia kwa mjumbe wa nyumba kumi, akasema atakaa pale mpaka korosho zianze kukaangwa.

Dawa yangu naihifadhi kwenye chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga mbichi, ili ikae baridi, kama walivyonifundisha hospitali. Wanawake walikuja kutazama chungu kile kama walivyokuwa wanakuja kutazama miguu yangu. Niliwaruhusu. Niliwaonesha na mguu wenyewe, na pale vidole vilipokuwa. Kelele za vigelegele hazikuwepo.

Korosho za kwanza zilianguka. Bati likatobolewa, moto ukawashwa uani kwangu, wanawake wakakaa na mawe yao, mikono imepakwa majivu. Shangazi Fatu alikaa kwenye kigoda chake, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Esha alikuja akasimama mbali kidogo, karibu na ua, hakukaa. Mimi nilikuwa nimevaa raba za Hawa na soksi, na ufito mkononi. Nilitawanya korosho kwa ufito mpaka moto ukazimika, nikaona kwamba sina tena cha kujificha nacho.

"Wanawake wenzangu," nilisema. "Mwaka jana, hapa hapa, Esha aliuona mguu wangu unaungua, akasema twende zahanati. Alisema kweli. Sisi tukamwita mchawi. Aliniuliza kama naamini, na mimi niligeukia ukutani. Hakuna dawa niliyokanyaga. Nilikuwa na kisukari na vidonge nimevifunga kwenye kanga. Esha ameniosha kidonda hiki kwa mikono yake, akiwa amefunga, na mimi nimekula mbele yake. Aliyemsema vibaya alisema uongo, na mimi nilikuwa wa kwanza kuukubali. Naomba radhi kwake, na ninyi muwe mashahidi."

Hakuna jiwe lililogonga korosho. Niliogopa kumtazama shangazi, halafu nikamtazama. Alikuwa ameinama, anasugua goti lake. Nilijua akinyanyuka akaondoka, nusu ya wanawake watamfuata, na Esha hatorudi.

Hakunyanyuka. Aliusogeza mbele ule mguu aliounyoosha, akavua kandambili polepole.

"Esha," alisema, bila kuinua uso. "Hebu njoo unitazame na huu wangu. Tangu masika unachomwa na miba siisikii."

Esha alisimama pale karibu na ua akimtazama. Kisha akaja, akafagia majivu mbele ya kigoda kwa pindo la kanga yake, akapiga magoti, akaushika ule mguu kwa mikono miwili.

"Unauma hapa?" aliuliza.

"Hapana."

"Hapa je?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi kesho tunakwenda zahanati," Esha alisema. Akakaa kwenye mkeka, mahali pake pa siku zote, akachukua jiwe lake.